Udongo wa Janeffer

Siku Mathew alipopigiwa simu na dada yake kwamba anarudi nyumbani kabisa, hakumwambia mkewe mara moja. Alitoka, akavuka barabara ya murram isiyo na lami, akateremka hadi kwenye kile kipande cha chini, nusu ekari, akasimama akakitazama. Ilikuwa Januari, na huku chini ya Ndanai Januari haina huruma. Ardhi ilikuwa imekauka ikawa kama sakafu, rangi ya manjano iliyofifia, imepasuka huku na huku. Hapakuwa na mti hata mmoja. Majani yaliyoota yalikuwa yale ya miiba ambayo hata mbuzi huyapita.

Kipande hicho kilikuwa cha Janeffer. Baba yao alikuwa amemgawia mbele ya wazee wawili, mwaka mmoja kabla ya kufariki, kwa sababu Janeffer hakuwa ameolewa na mzee hakutaka siku moja akose mahali pa kuweka jiko lake. Wakati huo Janeffer alikuwa mchumaji chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, akiishi katika nyumba za kampuni. Nyumbani alikuja Krismasi tu. Alikaa siku mbili kwa kaka yake, akaenda kanisani, akarudi kazini. Hakuwa na sababu ya kuteremka kuangalia shamba.

Miaka tisa iliyopita Mathew alitaka nyumba ya matofali. Alikuwa na ekari tatu zake mwenyewe, lakini hakutaka kuziharibu. Akasema moyoni mwake kwamba Janeffer ameshakuwa mtu wa majani chai na huku kwenye joto hatarudi. Akamwita Ooko, fundi wa matofali kutoka upande wa ziwa, akamwonyesha kipande cha chini.

Ooko alipiga jembe mara mbili, akauliza, "Mzee, hii nyeusi ya juu haifai matofali. Tuipeleke wapi?"

"Ibebeni na wilbaro mpeleke nyuma ya jikoni," Mathew alisema. "Kwa mboga za mke wangu."

Wakafanya hivyo. Udongo mweusi ukavuka barabara wiki nzima. Kisha wakachimba kwenda chini hadi kimo cha kiuno, wakafyatua matofali, wakajenga tanuru pale pale pembeni, wakachoma. Kazi ilipokwisha, Mathew aliwaambia wasawazishe kingo ili mashimo yasionekane. Mvua za miaka iliyofuata zikamalizia. Nyumba ikasimama, vyumba vinne, na watu wakampongeza. Cherotich, mkewe, alijua kila kitu. Siku moja aliuliza, "Na Janeffer ulimwuliza?" Mathew akasema atamwuliza. Miaka tisa ikapita.

Sasa mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeingia, na wachumaji wengi walikuwa wameambiwa waende nyumbani. Janeffer alikuwa na miaka hamsini na minne, na vidole vilivyopinda kidogo kwa sababu ya kazi. Alifika Jumamosi moja na kitanda, jiko la makaa, magunia mawili ya vyombo na kuku mmoja mwenye kamba mguuni. Jumatatu akamwomba Mathew wateremke pamoja akaone mahali pa kujenga chumba cha mabati.

Alitembea polepole kwenye kipande chake kutoka mwisho huu hadi ule. Aliinama, akajaribu kuokota udongo, kidole kikateleza kama juu ya sahani.

"Mathew," alisema, "si hapa mama alikuwa anapanda wimbi ya uji? Nakumbuka wimbi ilikuwa inanifika kifuani."

"Ilikuwa hapa."

"Udongo ulienda wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Walikuwa wawili tu. Baadaye alikumbuka kwamba hakuna kilichomzuia, wala mtu aliyekuwa anapita barabarani. Aliangalia upande wa mto, akasema, "Ni ile mvua kubwa ya mwaka ule. Ilibeba yote ikapeleka chini."

Janeffer akatikisa kichwa. "Mvua ni kitu cha kuogopa," alisema. Na hakuuliza tena.

Msimu wa kwanza alipanda sukuma wiki kama watu wote wanavyopanda. Alichimbachimba juujuu, akaweka miche, akamwagilia jioni kwa maji aliyoyabeba kutoka kisimani. Baada ya wiki tatu majani yaligeuka ya zambarau pembeni, yakasimama hapo hapo, madogo kama masikio ya panya. Mvua moja kubwa ilikuja Aprili. Maji yakateleza juu ya ardhi yote yakaenda mtoni, na kesho yake ukichimba kwa kidole palikuwa pakavu. Mathew aliona haya yote kutoka kwenye veranda yake. Nyuma ya jikoni kwake sukuma za Cherotich zilikuwa pana kama sinia. Cherotich alipotaka kumpelekea Janeffer mboga, alizifunika kwa kitambaa, na alimpa mtoto wa jirani apeleke. Yeye mwenyewe hakuteremka.

"Baba Nelvine," alimwambia mumewe wakila chakula cha mchana, "mimi siwezi kumwangalia huyo mama usoni. Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Ulisema hivyo pia nyumba ikiwa haina paa."

Janeffer hakukata tamaa, ila alibadilisha njia. Asubuhi moja Mathew alimkuta amepiga vigingi na kamba kukata mteremko, anachimba shimo kwa mtaimbo. Shimo lilikuwa la futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini. Kando yake kulikuwa na rundo la mabua ya mahindi, majani ya ndizi yaliyokauka, na matawi ya yale maua ya njano machungu yanayoota kando ya barabara.

"Unafanya nini, dada?"

Alipumzika, akaegemea mtaimbo. "Kule kwa majani chai, tukimaliza kupogoa chai, yale matawi yote yalikuwa yanaachwa chini. Ukionekana umebeba hata kuni moja, unaandikiwa barua ya onyo. Mimi miaka yote nilisema ni uchoyo. Tunapika kwa shida na kuni zinaoza hapo. Sasa nikakaa hapa nikafikiri. Ile chai imekaa pahali pamoja miaka hamsini, na udongo yake bado ni mweusi. Si uchoyo. Walikuwa wanalisha udongo." Akaonyesha shimo. "Na mimi siwezi kulisha nusu ekari. Nitalisha shimo moja, halafu ingine."

Alijaza mabua chini, akayakanyaga, akatia majani mabichi, kisha majivu kidogo, kisha ule udongo wa manjano aliochimba, akiuchanganya na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Hakulijaza shimo hadi juu. Aliacha nafasi ya kiganja ili maji yakija yakae ndani. Halafu akafunika kwa nyasi kavu. Mbolea ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu hakuwa na ng'ombe.

Mathew alikuwa na ng'ombe wanne. Kesho yake alijaza wilbaro mbolea kwenye boma la ng'ombe akaiteremsha. Kesho kutwa tena. Akawa anateremka kila siku baada ya kukama, wilbaro tatu, nne, hadi mikono ikatoka malengelenge. Alimsaidia kuchimba mtaro wa kuzuia maji upande wa juu. Alimletea nyasi alizokuwa amewawekea ndama. Aliposhika jembe alijisikia vizuri kidogo, na alipoliweka chini ule uzito wa moyoni ulirudi, kwa hiyo alikuwa anakawia kuliweka chini.

Kufikia mvua za mwaka uliofuata, mashimo yalikuwa zaidi ya mia moja. Janeffer alipanda mboga za kienyeji, managu na saga, kunde, malenge pembeni, na mahindi katika yale ya chini. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa ovyo. Kila debe lilikuwa na shimo lake. Jua la Januari lilipokuja tena, shamba zima la jirani likikauka, mashimo ya Janeffer yalikuwa kijani. Tabby, mfanyabiashara wa mboga pale sokoni Ndanai, alianza kuja mwenyewe kuchukua.

Jumapili moja Janeffer alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alivaa lile sweta la kampuni alilopewa zamani, na alizungumza kwa sauti ndogo. Alisema alirudi nyumbani bila kitu, akakuta shamba lisilo na udongo, na kwamba Mungu alimpa ndugu. "Wengine wenu mna kaka," alisema, "na mnajua dada akirudi nyumbani vile kaka wanamwangalia. Wangu alibeba mbolea kwa mikono yake mwaka mzima. Hakuna siku nilimwita."

Watu wakageuka kumtazama Mathew. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Mchungaji akasema asimame. Akasimama. Wakampigia makofi, na joto likampanda shingoni hadi masikioni, akatazama sakafu na akaonekana mnyenyekevu, na watu wakazidi kupiga. Pembeni, upande wa akina mama, Cherotich alikuwa amefunika uso kwa leso kana kwamba anapenga kamasi.

Nyumbani hakula. Alijiambia kesho. Lakini sasa kusema kulikuwa kumekuwa kugumu mara kumi, maana hapo awali angekuwa mtu aliyechukua udongo; sasa angekuwa mtu aliyechukua udongo akapigiwa makofi.

Kulikuwa na kona moja ya shamba iliyomshinda Janeffer. Mtaimbo ukigonga pale, ulirudi na sauti. Alimwuliza Mathew, naye akasema labda zamani watu walichoma makaa hapo. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Phelis, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, alimwambia Janeffer kwamba anamjua mwanamume mwenye nguvu anayechimba vyoo na visima, akampa namba yake ya simu.

Siku ya Alhamisi, saa tano hivi, Mathew aliteremka na wilbaro yake kama kawaida. Alimwona mtu ameinama kwenye ile kona na sururu. Mtu akainua kichwa. Nywele zilikuwa na mvi sasa, lakini alikuwa Ooko.

"Mzee," Ooko alisema kwa furaha ya kweli, akifuta mkono kwa suruali ili amsalimie. "Tumekutana tena pale pale. Nilikuwa namwambia mama, hii haiwezi kuchimbwa na jembe, hii ni sakafu ya tanuru yetu. Udongo ukichomwa hivi unakuwa jiwe. Nyumba bado iko sawa?"

"Iko sawa," Mathew alisema.

Janeffer alikuwa amechuchumaa kwenye kunde, anang'oa magugu. Hakugeuka. "Mbolea weka pale kwa malenge," alisema.

Akaiweka. Akasimama na wilbaro tupu, hajui aende au abaki. Ooko aliwatazama wote wawili, na furaha ikamtoka usoni polepole. Akarudi kwenye sururu yake. Ooko alipoenda kunywa maji, Janeffer aliinuka.

"Huyu amefika saa tatu," alisema. "Akaniambia bila kujua anachoniambia. Udongo wa matofali, udongo mweusi, wilbaro wiki nzima. Umekuja saa tano. Hizo saa mbili nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Ukifika, useme wewe kabla mimi sijasema."

"Dada..."

"Sasa nimesema mimi."

Mathew alitaka kueleza kwamba hakufikiri angerudi. Maneno yalifika mdomoni akasikia jinsi yalivyo, akayameza.

"Nyumba siwezi kula," Janeffer alisema. "Hiyo ikae. Lakini nilisimama mbele ya watu nikasema jina lako. Hiyo ndiyo inaniuma. Nilikusifu, na wewe ukasimama."

Asubuhi iliyofuata Mathew aliamka na wazo ambalo lilionekana jema. Alichukua jembe na wilbaro, akaenda nyuma ya jikoni, akaanza kuchimba udongo mweusi. Aling'oa safu ya kwanza ya sukuma akazitupa pembeni. Alikuwa amejaza wilbaro mbili, na ya tatu iko njiani kuvuka barabara, wakati Janeffer alipotokea akipanda.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Narudisha. Ni yako."

Janeffer aliitazama wilbaro, kisha akatazama juu. Cherotich alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono imelegea, anatazama mboga zake zilizolala chini.

"Ulimwuliza?" Janeffer alisema.

Mathew akaitua wilbaro chini.

"Huyo mama amelisha hii udongo miaka kumi. Majivu yake, maji yake, mbolea aliyobeba yeye. Sasa ulinichukulia mimi bila kuniuliza, na unamchukulia yeye bila kumwuliza, ndiyo moyo wako ukae vizuri." Hakupandisha sauti. "Rudisha pale ulipotoa. Panda sukuma zake tena."

Akarudisha. Alipanda upya ile miche iliyonyauka, mmoja mmoja, mkewe akiwa amesimama kando yake. Ilikuwa mchana mweupe, na majirani waliokuwa wanaenda sokoni waliona mzee wa kanisa amepiga magoti kwenye mboga, na walimsalimia. Cherotich alingoja mpaka mumewe alipomaliza. Kisha akasema, "Hata mimi nilinyamaza. Usifikiri ni wewe peke yako."

Wiki mbili baadaye kikundi cha akina mama kilikuwa kimepanga kuja kujifunza. Janeffer alimwambia Mathew mapema: watakuja, na watauliza udongo ulienda wapi, na yeye hataki kuwafundisha uongo. Mtu akifikiri ni mvua, atachimba mtaro tu na kungoja. Akijua ni mkono wa mtu, atachunga mikono. "Sitakusemea," alisema, "na sitakuficha."

Wakaja kumi na mmoja, na miavuli ya jua. Janeffer aliwaonyesha jinsi ya kupima shimo kwa kutumia mpini wa jembe, jinsi ya kuyapanga mashimo kwa kupishana ili maji yakikosa moja yaingie jingine, na kwa nini nyasi za juu zisiguse shina. Aliwaonyesha pia sehemu alizokosea: mbolea mbichi iliyounguza kunde, na mabua yaliyoleta mchwa. Mathew alisimama nyuma karibu na mtaro.

Phelis ndiye aliyeuliza. "Lakini mama, udongo wa hapa ulikuwaje hivi? Hapo juu tu kuvuka barabara ni mweusi."

"Hiyo swali ni ya Mathew," Janeffer alisema.

Wakageuka. Alikuwa ameyapanga maneno siku tatu, na yakatawanyika.

"Ulitolewa," alisema.

"Na maji?"

"Hapana. Ulichimbwa."

"Na nani?"

"Watu wa matofali." Angeweza kuishia hapo, maana haukuwa uongo. Janeffer alikuwa anapanga nyasi juu ya shimo, hamtazami. "Ni mimi niliwaita," Mathew alisema. "Nilijengea nyumba yangu. Nyeusi nikapeleka kwangu. Dada alipouliza, nikasema ni mvua."

Mwanamke mmoja alitazama juu kuvuka barabara, kwenye ile nyumba, kisha mwingine, kisha wote. Phelis alifunga mwavuli wake akaufungua tena. Mathew alikuwa amengoja kukemewa, na alikuwa amejitayarisha kwa hilo. Badala yake mama mmoja kijana akasafisha koo, akauliza, "Mama Janeffer, kutoka shimo moja hadi lingine ni hatua ngapi?" Na somo likaendelea. Alisimama pale hadi mwisho, kwa sababu kuondoka kungekuwa vibaya zaidi, na wakati wa chai walimpa kikombe kama wengine wote, bila kumtazama.

Jumapili iliyofuata alimwandikia mchungaji kwamba anaacha uzee wa kanisa. Alitumaini kidogo kwamba atamwambia asubiri, wazungumze. Mchungaji alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Sawa, mzee." Tangu siku hiyo Mathew alikaa nyuma karibu na mlango. Pale sokoni watu waliendelea kumsalimia. Ila akiwakaribia wakizungumza habari za mashamba na mipaka, walihamia habari za hali ya hewa.

Cherotich aliteremka kwa Janeffer siku moja yeye mwenyewe, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, uso wazi. Walikaa ndani ya kile chumba cha mabati mchana wote. Mathew hakuambiwa walizungumza nini. Baada ya hapo alimwona mkewe akienda huko mara kwa mara, akirudi na mbegu zimefungwa kwenye kona ya leso.

Ooko hakurudi kumaliza ile kona. Alisema ana kazi kwingine. Mathew akaichukua sururu. Ilimchukua siku tisa kuvunja sakafu ya tanuru, kipande kwa kipande, na chini yake udongo ulikuwa umekufa kabisa, hauna hata nyungunyungu. Alichimba mashimo sita, akayajaza kama alivyoona dada yake akifanya. Janeffer alikuja akapima kwa mpini wa jembe. Mawili akasema ni mafupi, ayachimbe tena. Akayachimba tena. Wakapanda mihogo, ambayo haichagui sana.

Mihogo ilimea vibaya. Mitatu ilikufa, mitatu ikasimama, myembamba, majani machache juu. Janeffer alisema mwaka wa kwanza ni hivyo, na kwamba hapo patahitaji mbolea kwa muda mrefu kuliko kwingine.

"Mimi sijakuwa sawa na wewe," alimwambia, wakiwa wamesimama hapo. "Labda nitakuwa, labda sitakuwa. Sijui. Lakini mbolea leta."

"Nitaleta."

"Leta iliyooza. Ile ya juzi ilikuwa bado mbichi."

Mathew akasema sawa, akageuza wilbaro, akaanza kupanda kuelekea bomani.